Sahani ya Peke Yangu

Ndugu zangu wa kikundi, mnivumilie, kusimama mbele za watu sijazoea. Mkiniona leo mnasema huyu mama ni mnene. Mngeniona mwaka 2013, nilipogundulika nina sukari! Nikikaa kwenye benchi kama hili, wawili walilazimika kusimama.

Muuguzi aliniambia vidonge nisiache, nipunguze ugali, na shibe niitafute kwenye maharage, mboga na dagaa. Dagaa nikaange bila mafuta, nitwange, niweke kijiko cha unga wake kwenye mboga. Nikaona hiyo ni kazi nyepesi. Kumbe kazi ilikuwa sinia.

Mnajua kwetu Kitahana tunakula sinia moja, mimi, mama mkwe wangu na watoto. Ukimega pamoja na wenzako, utapimaje? Basi siku moja nikaja na sahani yangu na kikopo cha unga wangu, nikanyunyizia. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba naumwa, niliona aibu. Mama mkwe akakitazama kile kikopo, akaacha kula.

"Mwanangu," akasema, "tangu lini unauogopa mkono wangu? Na hicho unachonyunyizia ni kinga ya nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, kwetu maneno hayo si madogo. Alidhani namshuku kwamba ataniwekea sumu. Jioni akaenda kula kwa jirani. Iliniuma sana. Nikaificha sahani, nikarudi kwenye sinia, nikala kama zamani ili nyumba itulie. Nyumba ikatulia kweli, ila sukari ikapanda. Nikapata kidonda mguuni, kikagoma kupona, na muuguzi akaniambia wazi kwamba mguu naweza kuupoteza.

Siku hiyo mama mkwe ndiye aliyenisindikiza, maana nilikuwa nachechemea. Alisikia yote. Kurudi alitangulia mbele yangu, nikajua amekasirika. Akapitia sokoni, akanunua dagaa. Nyumbani akawakaanga, akawatwanga mwenyewe, akaita watoto. Akaweka ule unga kiganjani, akaulamba mbele yetu sote, kama mwenye nyumba anavyoonja pombe kabla ya kumpa mgeni. Kisha akanipakulia kwenye sahani, ugali kidogo, mboga nyingi.

"Kula," akasema. "Ungeniambia unaumwa, ningekutwangia tangu mwanzo."

Nililia, sifichi.

Sijapona, jamani. Vidonge nameza hadi leo, na unga wa dagaa si dawa, msije mkaacha zenu. Ila nashiba mapema, uzito umepungua, kidonda kimefunga, na sukari siku nyingi inakaa vizuri. Namshukuru muuguzi wangu, nawashukuru ninyi mlionipa moyo. Mama mkwe amekataa kuja, anasema vikundi si mambo yake, nitampelekea salamu zenu.

Nanyi mkitoka hapa, kabla hamjanawa mikono, mwambieni anayewapikia kwamba mnaumwa. Mimi nusura nipoteze mguu kwa kumwonea aibu mtu anayenipenda.