Waliokwenda Kumpa Pole Redio

Benchi la kijiwe cha kahawa cha kona ni mbao nne na msumari mmoja uliochomoza, na kila mzoefu anajua akae wapi asichane suruali. Asubuhi ile Mama Trei, muuza mayai, hakukaa kabisa. Alisimama na kikombe chake cha kahawa, maana alikuja kusema neno moja aondoke: banda lake la kuku mia mbili, linalomlisha yeye na mama yake mgonjwa, haliingii mtu tena. Tangu juzi lina kufuli, na mlangoni kuna beseni la maji ya dawa. Wiki iliyopita ugonjwa wa kideri ulifagia kuku wote wa Redio, yule mzee asiyeishiwa habari. Juzi kuku wa Fundi Saa nao wakaanza kupinda shingo.

— Yaani sisi ndio uchafu? — Fundi Saa aliuliza. — Miaka yote naingia kwako kukufungia taa za vifaranga, leo nichovye miguu kama ng'ombe kwenye josho?

— Uchafu sijasema, shemeji. Nimesema ugonjwa.

— Ugonjwa umekuja na upepo, — Redio alikata. — Ule wa wiki ile, wenye vumbi jekundu.

— Upepo uruke nyumba kumi na mbili zenye kuku, utue kwako na kwa Fundi tu? — Mama Trei aliuliza. — Ulipewa anwani?

Wakacheka. Bosi, ambaye hana kazi wala kuku ila ana jibu la kila kitu, akaweka kikombe chini.

— Mnara wa simu, jamani. Mawimbi yanawaingia kichwani, shingo zinapinda. Halafu chakula kile cha magunia ya kijani! Wanasagia humo mifupa ya ndege wasiojulikana.

— Bosi, wewe kuku wako wa mwisho ulimfuga lini? — Mama Trei alimuuliza.

— Ya nyumbani kwangu siyajadili kijiweni.

Damu ilimpanda Mama Trei. Watu wazima, wamebeba mizoga kwa toroli, na bado wanatafuta mchawi angani! Lakini aliyaona macho ya Redio. Mzee hakuwa akibishana. Alikuwa akijitetea, asije akaonekana kuku wake amewaua mwenyewe. Akashusha sauti.

— Baba, hakuna anayekulaumu. Uliwatunza vizuri. Ila kuna kitu kimetembea kutoka kwako mpaka kwa Fundi, na hakina mabawa.

Pembeni, dereva wa gari la chakula cha kuku, mgeni pale kijiweni, alikuwa akipuliza kahawa yake.

— Samahanini, wakubwa. Kuku wa mzee walipokufa, nani aliingia bandani?

— Wote! — Redio alinyoosha mgongo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. — Hapa hatuachani. Walikuja wote kunipa pole. Tulitoa mizoga pamoja, tukachimba shimo pamoja. Fundi, Bosi, hata Mama Trei, huyu binti yangu, alishika koleo.

— Na mlipotoka, viatu mlivifanyaje?

Fundi Saa alivuta miguu chini ya benchi. Bosi aliutazama mnara kama anayeuomba umsaidie. Muuza kahawa naye akaacha kugonganisha vikombe.

— Mama, — dereva akamgeukia. — Wewe je?

Mama Trei alizitazama ndala zake. Siku ile alitoka kwa Redio machozi hayajakauka, akapita moja kwa moja bandani kwake kuokota mayai. Kufuli halikuwepo, beseni halikuwepo, na ndala zilikuwa hizi hizi.

Na leo alfajiri kuku mmoja mweupe alikuwa amejitenga kwenye kona ya banda, hali chakula, amefumba macho. Alimtazama kidogo, akajiambia ni joto.