Josefu Nguma Kenga, Mchapaji wa Changamwe, na Sinia Lake la Herufi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Rabai leo, Jumanne tarehe 22 Oktoba 1963, tunamsindikiza Josefu Nguma Kenga. Alizaliwa hapa hapa mwaka wa 1908, mtoto wa pili wa Mzee Kenga na Mama Jumwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwalimu wake alizoea kusema kwamba kijana huyu, ukimwambia jambo, kwanza atauliza, "Nani kasema?" Swali hilo alikaa nalo maisha yake yote.

Mwaka wa 1927 aliajiriwa na kiwanda cha uchapaji kisiwani Mombasa, akajifunza kupanga herufi za madini ya risasi, moja moja, mpaka ziwe maneno ya kuchapwa. Mwaka wa 1934 alimwoa Nyamvula, binti wa Mzee Mwarandu wa Ribe. Mama Nyamvula hutucheka tukimuuliza habari za siku ile: asema bwana arusi alimtazama hata padri kwa jicho la pembeni.

Mwaka wa 1949 alifungua karakana yake Changamwe, kwa mashine moja kuukuu. Alichapisha kadi za arusi, matangazo ya kanisa na stakabadhi za madrasa. Mwaka wa 1958 mashine ile ikafa kabisa, na hapo ndipo aliposikia habari za mkopo wa biashara ndogo unaodhaminiwa na serikali.

"Serikali imeanza lini kunionea huruma mimi?" akamuuliza mkewe.

"Na mashine nayo, itapona kwa maswali?" Mama Nyamvula akamjibu.

Akatia sahihi, mashine nyingine ikaja. Sharti lilikuwa moja lililomkera: mpaka deni liishe, karani wa mikopo, Bwana Ishaka, angeingia karakanani siku yoyote kukagua mashine. Bwana Ishaka alikuja kwa adabu, akajulia hali watoto, lakini macho yake hayakukaa kwenye mashine. Yalikwenda kwenye herufi zilizopangwa. Na zile zilikuwa siku za vyama vya siasa na mikutano. Marehemu hakujua kama mtu yule anakagua mali au anasoma.

Lakini wateja hawakungoja kujua. Mwalimu Stambuli wa Jomvu Kuu alisimama mlangoni akatania, "Nguma, mashine hii yala wino tu, au yala na majina yetu?" Watu wakacheka. Kisha akapeleka kazi ya madrasa kisiwani, na wazee wa kanisa wakamfuata. Karakana ikanyamaza. Bila kazi deni halilipiki, na deni lisipolipwa mashine inachukuliwa.

Basi marehemu akachukua sinia la pilau la Mama Nyamvula, akamwita Mwalimu Stambuli, akamchapishia stakabadhi chache mbele ya macho yake. Alipomaliza, akamwaga herufi zote siniani.

"Haya, Mwalimu. Zivuruge mwenyewe, lisibaki neno."

Mwalimu akazivuruga kwa mikono miwili, akarudi Jomvu Kuu vidole vyeusi, akiwapa watu mkono njia nzima. Tangu hapo kila mteja alivuruga zake, na asubuhi marehemu na mkewe walizichambua moja moja. Sinia halikurudi jikoni tena. Deni liliisha Machi 1962. Bwana Ishaka hakuacha kuja.

Mwaka huu kifua kilimbana. Hospitalini aliuliza kila dawa imetoka wapi, nusu akazinywa. Alifariki nyumbani Changamwe, Jumamosi tarehe 19 Oktoba, mkono wake ukiwa katika wa mkewe, Uhuru ukiwa mlangoni.

Ameacha mjane, Mama Nyamvula, watoto Mwarandu, Mapenzi na Jumwa, wajukuu watano, na mashine, ambayo ndiyo iliyochapisha karatasi ya wasifu mliyoishika.

Na hili halimo katika karatasi hiyo: jana, ilipokwisha kuchapwa, Bwana Ishaka alikuja kutoa pole. Alipokwisha kunywa chai, akauliza kwa upole katika wasifu huu kumeandikwa nini, na herufi zake ziko wapi. Mama Nyamvula alimnyoshea mkono wa kwaheri, vidole vyote vyeusi.

Lala kwa amani, Josefu. Halikubaki neno.