Ukuta Ndani ya Tangi

Mimi si mtu wa kusikiliza mambo ya wengine, na watu wa Sosiot wanajua. Siku ile kwenye basi la kutoka Kericho nilihama kiti mara mbili tu.

Mbele yangu Kipkirui, mkulima wa chai aliyevaa koti lake la harusi, alikuwa anamweleza muuza samaki mmoja, Wilkista, habari za septik tangi, shimo la majitaka ya choo, alilojenga nyumbani. Mama mkwe anakuja kutibiwa macho, lakini ameapa hatalala kwenye boma ambalo choo chake na cha mkwe vinamwaga pamoja.

"Heshima ni heshima," akasema Kipkirui. "Kwa hivyo nimeweka ukuta katikati ya tangi. Yake huku, yangu kule."

"Hata kwetu mkwe haingii choo ya mama mkwe," akasema Wilkista. "Lakini kujengea mavi ukuta, baba! Na maji ikitoka, si inazama kwa udongo moja?"

"Huko chini si kwangu tena. Ni kwa Mungu."

"Na simiti imekauka?"

"Kabisa, mama! Nimefunika na slabu. Hata trakta inapita juu."

Basi likasimama Sosiot. Mke wa Kipkirui, Janeffer, alikuwa kando ya barabara, matope mpaka magotini.

"Baba Chepkoech, harakisha! Ng'ombe imeanguka tena kwa hiyo shimo yako, na mama yangu, ndio amefika tu, ndiye ameshika kamba!"

Wilkista akavuta miguu ili jirani yake wa kiti apite. Kipkirui hakuinuka. Alimwambia makanga kwamba yeye anashuka Kapsoit.

Kapsoit tulikuwa tumeshaipita.