Bibi Tupokigwe na Shati la Jumatatu

Wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo sina muziki wa kuwafungulia. Mvua inanyesha hapa Mbeya, na wenzetu wa Iringa nasikia ni hivyo hivyo. Sogezeni redio karibu. Mwenye mtoto wa shule nyumbani, sogeza zaidi. Mimi ni Nashoni, na leo tunamkumbuka Bibi Tupokigwe wa mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya.

Bibi Tupokigwe alifariki Jumapili iliyopita. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Hakuugua. Aliuawa na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, akiwa anakausha shati la shule la mjukuu wake. Narudia, maana najua kuna mtu hapo alikuwa anamimina chai: alikuwa anakausha shati la shule.

Tuanze na huyo mjukuu. Anaitwa Damari, yuko darasa la tatu. Alikuwa anaishi kwa bibi yake kwa sababu shule iko karibu, na mama yake, Tusekile, anauza viazi Mbalizi, anaamka kabla ya jogoo. Damari ana ukurutu shingoni na kwapani. Sabuni ya unga ikibaki kidogo tu kwenye nguo, mtoto anajikuna mpaka damu.

Na shule inataka shati jeupe. Tena jeupe kwelikweli. Kila Jumatatu ni ukaguzi, na mwenye shati lililofifia rangi anarudishwa nyumbani. Damari alirudishwa mara mbili. Basi Tusekile akaona aingilie kati. Alinunua dawa ya kung'arisha nguo, ile ya chupa, akamimina bila kupima, akaloweka mashati yote mawili ya mtoto. Moja likatoboka. La pili likatoka jeupe kama ugali wa sembe. Damari akalivaa Jumatatu, akapita ukaguzi. Mpaka mapumziko ya saa nne shingo ilikuwa imevimba. Jumatano ngozi ikawa inabanduka, na mtoto hakwenda shule wiki nzima.

Tusekile ameniambia hivi: "Mama hakunigombeza. Alichukua ile chupa akanirudishia mkononi. Akasema, 'Mwanangu, hii usiilete tena kwangu. Weupe nitautafuta mwenyewe.'"

Na kweli aliutafuta. Aliukwangua mche wa sabuni kwenye maji ya uvuguvugu. Alianza na kola, akaisugua kitambaa kwa kitambaa, bila brashi. Kusuuza alisuuza mpaka maji yasiteleze mkononi. Halafu shati halikupanda kambani. Alilitandaza juu ya majani nyuma ya nyumba, likiwa bichi, jua lilipige, naye akilinyunyizia maji kila likitaka kukauka. Jua letu la huku juu, pamoja na baridi yake, likafanya kazi ya ile chupa.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nimlilie mtu ambaye sikuwahi kunywa naye hata uji. Shati likishakauka na kupigwa pasi, Bibi hakumpa mtoto. Alijizungushia mwenyewe shingoni. Akapika nalo, akachambua mboga nalo. Lisipomwasha yeye, ndipo Damari avae. Majirani walimcheka sana. Walimwambia shingo yake imekomaa, haihisi kitu. Naye akawajibu kwa Kinyakyusa, na wasiokijua wakacheka zaidi. Lakini Damari hakurudishwa tena nyumbani, na hakujikuna tena.

Ikaja hii mvua. Wiki nzima hatukuliona jua, mnajua wenyewe. Jumatatu ilikuwa mtihani wa nusu muhula, na watoto walishatangaziwa kwamba asiye na shati safi haingii. Shati la Damari lilikuwa ni hilo moja. Lilifuliwa Ijumaa, likaning'inia barazani, na Jumapili bado lilikuwa bichi.

Jirani yake Bibi anaitwa Verediana. Ni Mhehe wa Kalenga, si mtu wa maneno mengi. Alimshauri amvalishe mtoto lile shati hivyo hivyo, juu yake sweta, nani atajua? Bibi akakataa. Alisema ubichi ukikaa chini ya sufu, ile shingo itachubuka upya, na mtoto mwenye kujikuna hafanyi mtihani.

Jumapili hiyo, walipotoka kanisani, Bibi alimpeleka Damari kwa Verediana, akaomba na makaa. Mtoto abaki huko, asije akavuta moshi. Mnaona? Alimwondoa mtoto kwanza. Akasubiri mkaa ushike, uwe mwekundu, moshi uishe kabisa. Ndipo akaingiza jiko chumbani. Akafunga mlango. Akaziba upenyo wa dirisha kwa khanga, maana baridi ilikuwa kali na shati lilitaka joto.

Ndugu zangu, hilo kosa ni letu sote tunaoishi kwenye baridi hii. Tunadhani kinachoua ni moshi. Moshi ukiisha tunasema, haya, ingiza jiko. Si kweli! Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua, kwa sababu hewa yake haina harufu. Unasikia kichwa kizito, unasikia usingizi, basi. Daktari aliyeupima mwili wa Bibi amewaeleza ndugu zake maneno hayo hayo. Mlango uwe wazi, au jiko libaki nje. Mlango uwe wazi, au jiko libaki nje.

Verediana ndiye aliyemkuta. Kiza kilikuwa bado hakijaingia. Alikwenda kumrudisha Damari, akabisha hodi, akamsalimia kwa Kihehe kama walivyozoea kutaniana, "Kamwene, Mama." Akabisha tena. Akamwambia Damari asimame mbali. Akausukuma mlango.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameegemea ukuta. Shati lilikuwa kavu. Lilikuwa shingoni mwake.

Baada ya kunisimulia hayo, Verediana aliongeza sentensi moja tu, kisha akaomba tuzime mashine ya kurekodi. "Makaa nilimpa mimi, kwa mkono wangu."

Dada Verediana, kama unanisikia: ulimpa jirani moto. Sote tungempa. Acha kujihukumu, nakuomba.

Walimu wangu, siwatukani. Nimefundishwa na walimu. Lakini mimi nina hasira, na sitaificha. Wiki nzima ya mvua, mtoto wa darasa la tatu, na bado mnaangalia kola? Mashati meupe yanapatikana sokoni Mbalizi, yamejaa. Bibi wa Damari hapatikani popote. Na sisi wazazi tunaotetemeka kwa sababu ya kola, tukae chini tujiulize tunamwogopa nani hasa.

Kwa Tusekile, kwa Damari, kwa ukoo wote na majirani wa Soweto, poleni sana. Poleni kwa msiba huu mzito. Sisi wa kipindi hiki tunalia nanyi, na tunamwomba Mungu ampokee Bibi Tupokigwe mahali pasipo na baridi.

Nilikuwa msibani Mbalizi, ambako amezikwa. Asubuhi ya mazishi nilimkuta Tusekile kando ya mafiga waliyokuwa wanapikia chakula cha msiba. Alikuwa amelishika lile shati, anataka kulitupa motoni. Alisema hawezi kulitazama. Damari alikuja akaushika mkono wa mama yake. Hakulia. Alisema:

"Mama, usilichome. Hili haliwashi. Bibi ameshalijaribu."

Wasikilizaji wapendwa, Damari alilivaa makaburini. Nilisimama karibu naye mpaka kaburi lilipokwisha kufukiwa, na hakujikuna hata mara moja.