Fundi Pilipili, Aliyefunga Geji Ili Kumkomoa Shemeji Yake

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, fundi mkuu wa karakana yetu ya malori atatundika ovaroli yake na kwenda nyumbani. Jina lake kamili litasomwa kwenye cheti. Sisi tunamwita Fundi Pilipili, na aliyembatiza jina hilo hakukosea.

Mimi ni mtunza stoo ya vipuri. Tumefanya kazi ukuta kwa ukuta kwa muda mrefu kiasi kwamba najua kikohozi chake cha asubuhi na kikohozi chake cha hasira. Ofisi iliniomba niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha sherehe. Nikaandika. Ukarudishwa mezani kwangu pamoja na ombi la adabu kwamba habari ya lori la kichwa kirefu iondolewe, kwa kuwa "haileti picha nzuri." Basi na mimi nikawaka. Nimeuandika upya, na habari ya lori nimeirefusha.

Alianza hapa kama kibarua wa kuosha vyuma kwa dizeli. Kutoka hapo akawa msaidizi, akawa fundi wa injini, akawa mkuu wa mafundi wote, na katika kila ngazi alipanda na ukali wake. Siku moja alimkuta mwenzetu akigongea msumari kwa spana. Akaichukua ile spana, akaiosha, akaipangusa kwa kitambaa safi, akaiomba radhi mbele ya karakana nzima. Halafu akamgeukia mwenye kosa na kumpa maneno ambayo hayaandikiki kwenye jarida la wafanyakazi. Magari aliyoyafungua na kuyafunga yeye yalitoka getini yakinguruma vizuri, na wengi walioko hapa leo wameshika ufundi kwa kufokewa naye.

Madereva ndio aliowaonea. Nasema aliwaonea, na yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kutumia neno hilo. Gari likirudi bovu, kwake mkosaji alikuwa ameshajulikana kabla boneti haijafunguliwa. Dereva amekanyaga mno. Dereva hakushusha gia. Dereva alikuwa anapiga soga. Ukimbishia, anakuuliza kama na wewe umeanza kuendesha.

Sasa lori la kichwa kirefu. Lilikuwa kongwe kuliko yote uwanjani, la dizeli, lenye turbo ya kusukumia hewa kwenye injini, na lilikuwa limeshaua injini mara mbili kwenye mlima ule mrefu unaopandwa na malori yote yanayotoka bandari kavu. Dereva wake wa mwisho alikuwa shemeji yake Fundi, mdogo wa damu wa mkewe, mtu mpole asiyepaza sauti hata akikanyagwa mguu. Huyo shemeji alikuja karakanani zaidi ya mara moja kulalamika.

"Shemeji, likiwa na mzigo mlimani linakosa nguvu, halafu linapiga mluzi."

"Mluzi unaupiga wewe," Fundi akamjibu, na sisi tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Fundi alilikagua lori likiwa limesimama, akavuta mipira ya hewa kwa mkono, akakaza klampu, akasema ni zima. Wiki iliyofuata injini ilikufa mlimani. Lori likarudi nyuma na mzigo wake, breki zikashindwa kulishika, likajigonga kwenye ukingo wa barabara. Lingekosa ukingo ule lingeingia korongoni. Shemeji alivunjika mkono. Injini ilipopasuliwa, pistoni moja ilikutwa imeyeyuka juu kama mshumaa.

Meneja wa karakana akauliza chanzo. Fundi akajibu bila kupepesa jicho, "Joto. Dereva amelilazimisha kupanda kwa gia kubwa." Jibu hilo likatosha. Shemeji akafukuzwa kazi mkono ukiwa bado kwenye plasta.

Nyumbani kwa Fundi kukawa hakukaliki. Mkewe, ambaye mimi namwita wifi kwa kuwa Fundi ni kama kaka yangu, alimwekea chakula mezani na kuondoka. Siku aliyoamua kusema, alisema hivi: "Umemtoa ndugu yangu kazini kwa mdomo wako. Ungempiga kofi ningekuelewa."

Shemeji naye hakuja kugomba. Alimtuma tu dada yake afikishe ujumbe: lile lori ni gonjwa, na mkilitoa tena hivyo hivyo litamuua atakayelishika.

Fundi alikuja kazini siku hiyo uso umemvimba. Akaniambia, "Anajifanya daktari wa magari. Nitalifungia geji ya joto la eksozi, nimpandishe mlimani, aone kwa macho yake mwenyewe anavyoliunguza." Akaenda kuomba ofisini. Meneja akamwambia lori limezeeka, limefika hapo lilipo bila geji ya namna hiyo, na injini mpya imeshafungwa, kuna shida gani tena? Fundi hakubishana. Akaenda madukani akainunua mwenyewe.

Nilimshikia taa wakati anaifunga, na sijapata kuona mtu akifanya kazi nzuri vile kwa nia mbaya vile. Kipimo chenyewe ni kijiti cha chuma kinachoingizwa kwenye mkono wa eksozi, pale moshi unapotoka kwenye injini kabla haujafika kwenye turbo, kwa sababu hapo ndipo joto la kweli lilipo. Kuna wanaotoboa chuma kikiwa kimefungwa palepale na kumwachia Mungu. Yeye aliufungua mkono wote, akaubana kwenye jiliwa, akatoboa polepole kwa drili iliyopakwa grisi, akachonga nyuzi za kushikia kijiti, kisha akapuliza na kupangusa mpaka hapakubaki chembe.

"Chembe moja ya chuma ikiingia kwenye turbo imekula mapanga yote," akaniambia. "Halafu utasikia ni dereva."

Akaacha kupangusa, kama mtu aliyejing'ata ulimi. Kisha akaendelea kufoka kuhusu gasketi.

Waya aliupitisha mbali na vyuma vya moto, akautobolea tundu lenye mpira ili usikatwe na bati, na geji yenyewe akaifunga kando ya kioo cha mbele, usawa wa macho. Alama nyekundu ilianzia digrii mia saba. Akaitazama kwa furaha ya mtu aliyetega mtego.

Kesho yake alikwenda kumchukua shemeji kwake. Plasta ilikuwa imeshatolewa.

"Umekuja kama fundi au kama shemeji?" akaulizwa mlangoni.

"Nimekuja kama mtu mwenye hasira. Vaa viatu."

Wifi alipopata habari alitangulia getini. Akapanda, akakaa katikati yao na pochi yake mapajani, akasema hashuki mpaka mlima uishe. Habari za safari hiyo nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa hasira zake, na zinafanana.

Lori lilikuwa limejaa saruji, Fundi ameliandikia safari ya majaribio. Kwenye tambarare geji ilitulia mia tatu na kidogo. Mlima ulipoanza, shemeji akashusha gia mapema, akashusha tena, mguu wake mwepesi kwenye mafuta. Mshale ukapanda. Mia tano. Mia sita.

"Punguza!" Fundi akafoka.

"Nimeshapunguza, shemeji. Niko gia ya pili. Tazama mguu wangu."

Fundi akainama, akautazama. Mguu ulikuwa unagusa tu, haukandamizi. Aliponyanyuka, mshale ulikuwa unaigusa nyekundu, lori linatambaa, na chini ya kelele zote za injini kukawa na mluzi mwembamba, mrefu, usiokatika.

Wifi akageuza shingo taratibu. "Na huo anaupiga nani?"

Shemeji alilisimamisha lori pembeni, akaweka mawe nyuma ya matairi, wakafungua boneti. Fundi akapitisha mkono chini ya mpira mnene unaopeleka hewa ya turbo kwenye injini, upande usioonekana kwa jicho, akamwambia shemeji akanyage mafuta. Likinguruma kwa kusimama tu, mpira ulikuwa mzima. Shemeji akaweka gia, akalilazimisha kidogo dhidi ya breki, na hapo ufa ukafunguka, hewa ikampuliza Fundi vidoleni. Mafuta yalikuwa yakiingia kama kawaida na hewa ikimwagika njiani, ndiyo maana moto ulikuwa ukizidi mpaka unayeyusha vyuma. Ni mpira uleule alioukagua akasema ni mzima.

Fundi aliketi kwenye bampa, akaanza kupangusa vidole kimoja kimoja. Wifi anasema alidhani anaumwa. Mwishowe akasema, "Ningekuua." Shemeji akamjibu, "Ndiyo," akaenda kuondoa mawe.

Asubuhi iliyofuata Fundi alisimama katikati ya karakana, akatueleza yote tukiwa tumeshika chai, kisha akaingia ofisini bila kubisha hodi. Sisi tulisikia kwa kuwa ukuta ni wa mbao. Meneja alimshukuru kwa kugundua ubovu. Akasema mpira ubadilishwe. Kuhusu dereva, akasema suala hilo limeshafungwa, kulifungua upya kutaleta maswali, na bora wote wasonge mbele.

"Umelifunga wewe," Fundi akasema. "Mimi bado."

Akatoka, akafunga sanduku lake la spana kwa kufuli, akaketi juu yake. Hakuna lori linalotoka hapa bila yeye kusema limepona, na siku hiyo hakusema. Mafundi wengine wakafunga masanduku yao mmoja mmoja. Nami nikateremsha dirisha la stoo. Madereva wakazima injini. Uwanja ulinyamaza mpaka tukawasikia kunguru kwenye bati. Wateja walipoanza kupiga simu, meneja alikumbuka kwamba suala linaweza kufunguliwa.

Shemeji alirudishwa kazini. Hakuombwa radhi na ofisi, mpaka leo, na hilo ndilo lililoonekana halileti picha nzuri. Meneja ni yuleyule, na ndiye atakayemkabidhi mstaafu cheti. Atasoma hotuba kuhusu usalama wa madereva. Mimi nitakuwa nimekaa mstari wa mbele.

Msidhani pia kwamba shemeji alisamehe siku ileile. Ilimchukua muda mrefu kukaa tena meza moja na Fundi, na wifi hakumharakisha. Fundi alisubiri. Katika kusubiri huko alifunga geji kwenye kila lori kuukuu tulilonalo, akigombana na ofisi kwa kila moja, na dereva akija kulalamika alikuwa anatupa kitambaa begani na kusema, "Haya, twende tukalisikilize barabarani." Mara nyingi alirudi bila kukuta kitu kibovu ila wasiwasi wa dereva, na madereva wengine wakamsimanga. Aliendelea kupanda mlima nao. Injini nyingine haijafa mlimani.

Nilimwomba shemeji aseme machache siku ya sherehe. Amekataa, si mtu wa majukwaa. Amesema ameomba zamu yake ya siku hiyo iwe ya mchana, ili asubuhi ampeleke Fundi mlimani kwa lori lenye mzigo, wawili tu, bila kazi yoyote ya kufanya huko.

Kaka yangu, asante kwa kazi, asante kwa kutufokea, na asante kwa siku ile ulipokaa juu ya sanduku. Wewe, wifi na nyumba yako yote, tunawatakia afya, usingizi mnono na majirani wavumilivu. Ukisikia huku tumeanza kunyamazia mambo ya kusemwa, usijali kwamba umestaafu. Njoo utukasirikie.