Mzee Breki na Mahali Aliponyamaza

Kaka yetu tunayemzika leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Breki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji. Alibatizwa akiwa mchanga. Mama alikuwa akisema alipiga kelele mpaka mchungaji akasahau jina.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1971. Maisha yake yote ya kazi alitengeneza lifti za majengo ya ofisi. Jina la Breki lilitokea huko, kwa sababu hakumruhusu mtu kupanda kabla hajaijaribu breki ya dharura, hata bosi akisimama mlangoni akitazama saa.

Siku moja mwaka 1975 alipanda lifti pamoja na msichana mpiga chapa wa ghorofa ya sita. Kamba iliteleza, lifti ikashuka ghafla, breki ikaidaka. Dada wa watu alikuwa ameng'ang'ania chuma cha ukutani, macho kafumba.

"Dada, achia hicho chuma," kaka akamwambia. "Si wewe unayeizuia lifti."

Dada alinuna, akawa anapanda ngazi. Lakini tarehe 14 Agosti 1976 walifunga ndoa, na ndiye shemeji yetu huyu.

Walijaliwa watoto watatu. Binti yao wa kwanza alifariki mwaka 1994 kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa kidato cha tatu. Tangu hapo, kila tulipokiri imani kanisani na kufika kwenye ondoleo la dhambi na ufufuo, kaka alinyamaza. Alisimama tu, kofia mkononi.

"Mzee, mbona hapo husemi?" mchungaji alimuuliza.

"Nikisema nisichokiamini, nitakuwa nimemdanganya nani, wewe au Yeye?"

"Sasa unakuja kufanya nini?"

"Nisipokuja, Mchungaji, nitaaminia wapi?"

Hakukosa Jumapili. Wala hakusema. Shemeji alisimama kando yake miaka yote hiyo, akisema kwa sauti ya watu wawili.

Februari mwaka jana alipatikana na saratani ya ini. Hakuwa mgonjwa mtulivu. Alitukaripia, akaomba radhi, akatukaripia tena. Maumivu aliyazoea kidogo, hofu hakuizoea. "Najaribu kumshika Mungu, mkono unateleza," alituambia. "Nikifika akasema hanijui, je?"

Alasiri ya mwisho alikuwa ameshika chuma cha kitanda mpaka vidole vikapauka. Shemeji akamwinamia.

"Baba, achia hicho chuma. Si wewe unayeizuia lifti."

Kaka akacheka, kicheko kilichomuumiza mbavu. "Umesubiri miaka yote hii kunilipizia," akasema. Vidole vikafunguka kimoja kimoja. "Haya. Kama anayeshika ni Yeye, basi nimo."

Alifariki jioni hiyo, tarehe 3 mwezi huu. Hatuwezi kuwaambia kwamba mashaka yake yote yaliisha. Tunawaambia tulichokiona: chuma alikiachia, na hakukishika tena.

Ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wawili. Punde tutakiri imani hapa kaburini. Tukifika pale aliponyamaza, tuseme kwa sauti, na sehemu yake pia.

Apumzike mikononi mwa anayemshika.