Mary Ann Mwihaki na Jina la Mama Yake

Ndugu, majirani, na wageni wetu mliotoka Bungoma alfajiri, tuvumiliane kidogo, kwani maisha ya Mary Ann Mwihaki hayaenei katika karatasi moja, na yeye mwenyewe hakupenda mtu wa kusoma mbiombio.

Mwihaki alizaliwa tarehe 20 Mei 1961 katika shamba la mzungu nje ya Kitale, mtoto wa pekee wa marehemu Nyambu, mwanamke aliyetoka Nyeri kuja kupalilia mahindi ya watu, akamlea peke yake, akamsomesha kwa jembe. Alisoma shule ya msingi hapa Kitale kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari kule Bungoma, ambako wenzake walikicheka Kiswahili chake na yeye akakicheka chao, halafu chuo cha ualimu, akahitimu 1983. Nyambu alimwona akivaa joho, akafariki mwaka uliofuata.

Alifundisha jiografia Tongaren tangu 1984 mpaka alipostaafu 2021, na nyinyi wanafunzi wake mliojaa hapa mnajua alivyokuwa mkali wa ramani.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na ndugu yetu Kagwe, wakajaliwa Ngige mwaka 1987, aliyepewa jina la babake Kagwe, na Gathoni mwaka 1990, aliyepewa jina la mamake Kagwe, kama desturi yetu Wakikuyu inavyotaka, upande wa bwana kwanza, wa mke baadaye. Lakini hiyo baadaye haikufika, kwani baada ya Gathoni alifanyiwa upasuaji, akaambiwa hatazaa tena, na kwa kuwa hakuwa na kaka wala dada, jina la Nyambu likakosa mtoto wa kulibeba. Kwetu kuitwa ni kuzaliwa tena, kwa hivyo jambo hilo lilimuuma sana, jamani, hata akicheka ulikuwa unaliona.

Mwaka 2012 mwalimu mwenzake, Bilha, alimwingiza katika kikundi cha kutafuta sayari ndogo, yale mawe yanayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, kwa kukagua picha za darubini za ng'ambo kwenye kompyuta. Mtandao wa Tongaren ulikuwa wa kusuasua, basi kila Jumamosi walishuka Kitale kwa saiba ya Abdi, duka lake la kompyuta na mtandao karibu na msikiti, naye Abdi akienda kuswali adhuhuri aliwaachia funguo, na tarehe 13 Oktoba, nyota zote zikiwa zimetulia pichani, Mwihaki akaona nukta moja inahama. Abdi aliporudi alidhani walimu wamepigana, kumbe ni shangwe.

Lakini jiwe halipewi jina siku linapoonekana, lazima kwanza njia yake ijulikane barabara, na hili huchukua miaka minne na miezi mitano kulizunguka jua mara moja, wakangoja wee, hadi 2022 likapewa nambari, na Mwihaki akaruhusiwa kupendekeza jina. Ndugu yetu Kagwe, pole bana, lakini hili litasemwa, alitaka liitwe Kagwe, ati yeye ndiye mwenye boma. Mwihaki akamwambia mbele yetu sote kwamba upande wa bwana umeshaitwa mara mbili, huyu ni mtoto wa tatu, tena ni msichana, na kwa mila hiyo hiyo Kagwe akakubali.

Jina lilipelekwa mwaka 2023, na kabla jibu halijaja, Januari 2024, alipatikana na saratani ya tumbo, akalazwa Eldoret mara kadhaa, na kila tulipomwombea apone alituambia tumwombee afikie jina kwanza. Jibu lilifika tarehe 17 Juni mwaka huu, Gathoni akamsomea kitandani kwamba jiwe lile sasa linaitwa Nyambu, naye akalia kwa sauti, kisha akaagiza uji, akamaliza kikombe kizima. Alitutoka Jumapili tarehe 3 Agosti 2025, nyumbani, Kagwe akimshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, walimu wa Tongaren, na Abdi aliyetuletea hema na viti bila kuombwa. Marehemu ameacha mume, wajukuu wanne na watoto watatu, Ngige na Gathoni, ambao mnawaona hapa mbele, na Nyambu, ambaye bado yuko njiani, mwezi ujao ndipo atapita karibu nasi.

Pumzika kwa amani, Mama Nyambu.